Nguo ya Mwanamvua

Kama na wewe ulisoma shule ya msingi wakati ambapo penseli moja ya rangi ilikatwa kwa wembe vipande vitatu ili watoto watatu wapate cha kushika, basi sisi ni wa rika moja, na haya ninayosimulia utayaelewa bila kuhangaika. Nyie mliozaliwa mkakuta simu ina rangi zote za duniani, vumilieni tu. Sisi tulikuwa na nyeusi ya mkaa, nyekundu ya udongo wa kichuguu, kijani cha majani ya kunde yaliyosuguliwa mpaka karatasi ikatoboka, na buluu ya kufulia, ambayo ukiiba kidogo tu mama anajua kwa sababu ulimi wako umegeuka buluu. Sijui kwa nini tulikuwa tunailamba. Tulilamba kila kitu siku zile.

Nilikulia Mazingara, upande wa Handeni. Baba alikuwa Mzigua, mkulima wa mahindi na mtu wa maneno machache. Mama kwao Korogwe, kwa Washambaa walioshuka zamani kutoka milimani, na hakuacha kutukumbusha kwamba kwao kuna maji mengi kuliko kwetu. Asubuhi tulikula kiporo cha bada, yaani ugali wa muhogo, na chai ya rangi, mchana tukarudi kutoka shuleni tunanuka jua na vumbi, jioni tukacheza kombolela nyuma ya ghala la mahindi mpaka mtu wa kutafutwa akasahaulika huko alikojificha. Kaka yangu Rajabu aliwahi kusahauliwa hivyo mpaka akalala usingizi ndani ya ghala. Sasa ni mzee wa watu anayeheshimika msikitini, na hadi leo namkumbusha.

Kiberiti kilikuwepo dukani, ila nyumbani kwetu kiberiti kiliwekwa kwa ajili ya wageni na misiba. Siku za kawaida moto uliombwa kwa jirani. Mama alinipa kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, akaniambia, "Hidaya, nenda kwa mama Asha ukaombe moto. Na usicheze njiani." Kwa mama Asha nilichagua makaa mawili matatu, nikayafunika majivu kidogo, nikarudi nayapuliza taratibu. Mara nyingi nilifika na moto wangu. Siku moja nilipita mahali wasichana wanacheza rede, nikakiweka kigae chini nicheze mara moja tu, na nilipokumbuka nikakuta majivu matupu. Mama hakunipiga. Alinirudisha kwa mama Asha nikaombe upya, mbele ya wanawake wote waliokuwa wamekaa pale wanachambua mboga, na wakanicheka mpaka nikatamani fimbo.

Nimeanza na kigae makusudi, kwa sababu hadithi tuliyoipenda kuliko zote pale nyumbani ilikuwa ya kigae, na aliyekuwa akiisimulia ni bibi yangu, mama yake baba.

Bibi alikuwa msukaji wa mikeka. Alitutuma kando ya mto tukamletee ukindu, akauanika, akauchana kwa ukucha, kisha akauchemsha na rangi kwenye sufuria kuukuu ambayo haikuruhusiwa kupikia kitu kingine. Rangi zenyewe zilikuwa za unga, zikiletwa kutoka sokoni Korogwe zimefungwa kwenye vipande vya gazeti. Siku ya kuchemsha, ua mzima ulinuka majani mabichi na dawa, na vidole vya Bibi vilibaki zambarau wiki nzima. Kuna watu walikuja kutoka Kwaluguru kwa miguu kununua mikeka yake. Walikuwa wakisema mikeka ya Bibi inachangamsha chumba.

Lakini nilipofika darasa la tano, mtoto wa jicho alikuwa amemshika Bibi macho yote mawili. Kusuka aliendelea, maana vidole vilijua njia bila kuangalia. Tatizo lilikuwa rangi. Kila alipofika mahali pa kubadilisha aliinua uzi wa ukindu akauliza, "Huu wa rangi gani?" Mwanzoni alimuuliza yeyote aliyekuwa karibu. Siku moja Rajabu, kwa mzaha wake, akamwambia zambarau ni nyekundu, Bibi akasuka hivyo hivyo mkeka wa bibi harusi, na mwenye mkeka alipokuja kuuchukua akauliza kama ule kweli ni wake. Tangu siku hiyo Bibi aliniuliza mimi peke yangu. Nilijiona mtu mkubwa sana. Mkeka mzima ulitegemea neno la mtoto wa darasa la tano, naye Bibi hakuwahi kuniuliza mara mbili.

Sasa hadithi yenyewe. Aliisimulia jioni, wakati makande yanatokota na sisi tumezunguka mafiga. Ilikuwa hivi. Masika moja mvua ilinyesha siku saba bila kupumzika, moto ukazimika katika kila nyumba ya kijiji, watu wakatafuna mahindi makavu kama kuku. Moto ulibaki mahali pamoja tu, ng'ambo ya mto, nyumbani kwa zimwi. Wanaume wakaanza kutoa sababu: huyu mguu unamuuma, yule ana mgeni, mwingine kalala na hataki kuamshwa. Hapo tulicheka, na baba alijifanya hasikii. Akaenda mtoto wa kike anayeitwa Mwanamvua, na kigae chake mkononi. Zimwi likampa moto, likamwambia, "Chukua. Ila ukilia njiani, chozi lako litauzima, na hutapata mwingine." Basi Mwanamvua akarudi peke yake mchana ule uliokuwa mweusi kwa mvua, akiukinga moto kwa nguo yake, anasikia vitu vinamwita kwa jina kutoka vichakani, na halii. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi. Akaona kitu kidogo kinang'aa kwa mbali.

Hapo Bibi alishusha sauti. "Akafika," alisema. Akakaa kidogo, kisha akarudia, "Akafika." Na sisi sote tukaitikia, "Akafika," ndipo tukapakuliwa chakula. Hakuna aliyekula kabla Mwanamvua hajafika.

Darasa la tano tulifundishwa na Mwalimu Shembilu, kijana mwembamba aliyekuwa na shati moja zuri na sauti ya kufika mpaka barabarani. Vitabu vya kusoma vilikuwa vichache, kimoja watoto wanane, na anayekaa pembeni aliona picha tu, tena nusu. Mwalimu akasema tutatengeneza vitabu vyetu wenyewe. Kila mmoja achague hadithi moja ya nyumbani kwao, aandike kwa ufupi, achore picha tatu, na zilizo nzuri atazishona pamoja kwa kamba ya katani ziwe kitabu cha darasa. Karatasi zetu zilikuwa mifuko ya saruji iliyokung'utwa na kalenda zilizopitwa na wakati.

Kabla ya kutuacha tuchore, alitufanyisha jambo ambalo tuliona ni la kichaa. Alisema, "Chora njaa. Usichore mtu mwenye njaa wala sahani tupu. Njaa tu." Tukatazamana. Mmoja akapaka majivu ukurasa mzima akasema amemaliza, tukacheka, lakini Mwalimu akauinua ukurasa ule juu akatuuliza, "Mkiutazama huu, mnajisikia kushiba?" Kweli hatukujisikia kushiba. Siku iliyofuata tukachora mvua bila matone, na kurudi nyumbani bila nyumba. Alipita kwenye madawati akiuliza swali moja: mtu akiingia ndani ya picha hii, atajisikiaje? Ukishajua hilo, alisema, ndipo uchukue rangi. Nimefundisha shule miaka mingi baadaye, na sijapata somo la kuchora lililo bora kuliko lile, wala sikuacha kulirudia kwa wanafunzi wangu kana kwamba ni langu.

Mimi nilichagua hadithi ya Mwanamvua, na nilikuwa na sababu ambayo sikumwambia mtu. Nilimsikia mama akimwambia baba kwamba kwa hali ile, masika ijayo Bibi hataona hata mlango. Hospitali ya macho ilikuwa mbali, na wazee wa wakati ule waliona kupofuka ni sehemu ya uzee, kama mvi. Basi nikataka Bibi amwone Mwanamvua kwa macho yake, angalau mara moja, kabla hayajafunga.

Picha ya kwanza ilinitoka vizuri: nyumba zilizonyeshewa, buluu ya kufulia iliyochanganywa na majivu, baridi tupu. Ya pili, nyumba ya zimwi, niliipaka udongo mwekundu kila mahali, hata mbingu, na Rajabu akakiri kwamba inatisha. Ya tatu ndiyo iliyonishinda. Ni ile ya Mwanamvua njiani katika giza la mvua. Nilitumia mkaa wote wa nyumbani. Nilipomaliza Mwalimu Shembilu akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Hofu naiona. Mtoto yuko wapi?" Nikamwonyesha. Alikuwepo, ila alikuwa mweusi ndani ya weusi. Nilipoipeleka kwa Bibi, akaisogeza karibu na pua, akasema kwa upole, "Wingu zuri, mjukuu wangu."

Nikafikiri usiku na mchana. Kisha nikapata wazo ambalo lilinifurahisha mpaka nikashindwa kukaa darasani. Nilikwangua chokaa ya ukuta wa shule, nikaikoroga na maji, nikamvisha Mwanamvua nguo nyeupe, toka kichwani mpaka miguuni. Aling'aa juu ya ule mkaa. Nikakimbia nyumbani karatasi haijakauka.

Bibi alikuwa uani. Nikamwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia, "Marahaba mama," nikampa picha. Akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza hivi na hivi, na mara uso wake wote ukabadilika. "Namwona," akasema. "Kuna mtu hapa, mdogo. Namwona." Nilitaka kuruka. Akauliza kama alivyozoea kuuliza, "Kavaa nguo ya rangi gani?"

"Nyeupe, Bibi. Nyeupe kabisa. Kajifunika mpaka kichwani."

Bibi akaishusha picha magotini. Akanirudishia karatasi bila kuikunja, akaniambia nimletee maji ya kutawadha, ingawa muda wa sala ulikuwa bado. Jioni ile hakusimulia hadithi. Wala kesho yake, wala keshokutwa. Tulikula makande yetu kimya kama watu walio safarini. Wadogo zangu wakauliza Mwanamvua amekwenda wapi, na Rajabu, aliyekuwa ameiona picha, akanivuta pembeni akaniambia, "Wewe umemchora maiti. Hujawahi kuona sanda?" Nilikuwa nimeona sanda, tena mara nyingi, lakini nilipokuwa nachora niliona mwanga tu, sikuona kitambaa.

Mama ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Alinikuta nyuma ya jiko nalia, akakaa chini na ungo wake wa mlenda, akaendelea kuchambua huku anazungumza, kama ilivyokuwa desturi yake akiwa na neno zito.

"Hadithi hiyo hata sisi kwetu Korogwe tunayo," alisema. "Lakini kwetu yule mtoto hana jina. Anaitwa mtoto tu."

Nikamuuliza jina limetoka wapi.

"Mwanamvua alikuwa dada yake baba yako. Wa kwanza kuzaliwa. Surua ilimchukua akiwa kama wewe hivi. Alitumwa moto kwa jirani, akarudi nao huku mwili unamchemka, akalala, hakuamka tena. Bibi yako ndiye aliyelitia jina lake kwenye hadithi."

Nikaelewa kwa nini alikuwa akisema "akafika" mara mbili. Kila jioni Bibi alikuwa anamrudisha binti yake nyumbani mzima, na sisi tunamsaidia kuitikia, halafu nikaja mimi na chokaa yangu nikamvisha sanda mbele ya macho yake. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia. Nikasema nitaichana ile picha. Mama akanikataza. "Ukiichana utakuwa umemwacha njiani," alisema. "Kesho kaa na bibi yako, msaidie ukindu."

Nikakaa naye. Alikuwa anasuka ukili, ule ukanda mwembamba unaoshonwa kuwa mkeka, hanisemeshi wala hanifukuzi. Akainua uzi mmoja. "Huu?" Nikasema mweusi. "Niwekee wa manjano kando yake." Nikamwekea, halafu nikajipa moyo nikauliza kwa nini asiweke zambarau, maana ilikuwepo nyingi na manjano ilikuwa karibu kwisha. Bibi hakuwahi kukataa swali la mkeka, hata akiwa amekasirika.

"Nyeusi ukiilaza na zambarau zinalala zote mbili, mkeka unakuwa kiza," alisema. "Nyeusi ukiipa manjano, inaamka. Hata mimi na macho haya nahisi kitu kinacheza pale."

Nikautazama ukili ule mikononi mwake. Nilikuwa nimeuona kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kuutazama. Nikakumbuka pia kitu ambacho mtoto yeyote aliyewahi kutumwa moto anakijua: ukibeba kigae mahali penye giza, ukipuliza, mwanga unakupiga kifuani na usoni, na nguo yako, hata iwe ya rangi gani, inakuwa manjano. Mwanamvua alikuwa amebeba moto. Mimi nilikuwa nimeusahau moto wake.

Tatizo likawa rangi yenyewe. Kwenye kopo la Bibi manjano ilikuwa imebaki ya kuchafua kidole. Kwa bahati mama alikuwa na safari ya kwao Korogwe wiki ile ile, nikamsihi aniletee. Siku tatu alizokaa huko zilikuwa ndefu kuliko muhula wa shule, na Mwalimu Shembilu alishaanza kushona vitabu. Mama alirudi na basi la kupitia Segera, ana machungwa aliyonunua njia panda, na kipande cha gazeti kilichofungwa vizuri ndani ya kanga yake. Aliniwekea mkononi, akaenda kuinjika chungu.

Nikaiyeyusha kwa maji ya moto, nikaanza kupaka nguo ya Mwanamvua juu ya ile chokaa. Chokaa ikainywa rangi yote kwa pupa, na mara ikafurika. Manjano ikavuka mstari, ikaingia kwenye mkaa, ikateremka mpaka kwenye njia. Nikajua nimeharibu. Nilijaribu kuifuta kwa kiganja, ikazidi kusambaa. Nikaiweka juani nikaenda kulia kidogo, maana enzi zetu mtu ukiharibu kitu unalia kwanza, ndipo unarudi. Niliporudi imekauka. Mwanga ulikuwa umemzunguka mtoto mzima, umepungua taratibu kadiri unavyokwenda gizani, na mbele ya miguu yake kulikuwa na hatua chache za njia zinazoonekana. Kama ningejitahidi kuipaka hivyo nisingeweza.

Nikampelekea Bibi. Safari hii sikukimbia. Akaisogeza karibu na uso, akaishika kwa muda mrefu.

"Namwona," akasema. Kisha akauliza, na nilijua angeuliza, "Nguo yake?"

"Ya manjano, Bibi. Ni moto aliobeba, umempiga mwanga."

"Na njia?"

"Njia nayo ya manjano. Hatua chache tu, hapa mbele yake."

Bibi akapitisha kidole taratibu juu ya karatasi, toka kwa mtoto mpaka mwisho wa zile hatua. "Basi anaona anapokanyaga," alisema. Rangi haikuwa imeshika vizuri, ikabaki kwenye kidole chake, naye akajifuta jicho nacho, na kwa siku nzima alikuwa na alama ya manjano shavuni ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia. Jioni ile alisimulia hadithi. Alipofika mwisho akasema "Akafika" mara moja tu, sisi tukaitikia kwa nguvu mpaka mbwa wa jirani wakabweka, na makande yakapakuliwa.

Kitabu chetu kilishonwa. Kilisomwa na darasa la nne, la tatu, hata la pili, mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa, na nilipomaliza darasa la saba kilikuwa hakina jalada. Sijui kiliishia wapi. Macho ya Bibi yalifunga masika ile ile waliyosema yatafunga. Aliendelea kusuka miaka kadhaa, mimi nikimwambia rangi, na mikeka yake haikupungua kuchangamka.

Siku hizi nakaa Korogwe, nimestaafu ualimu, na ninaye mjukuu wa miaka tisa anaitwa Nuru, mtoto wa binti yangu. Nuru na wenzake wanachora kwenye simu. Ukikosea unabonyeza, kosa linafutika, hakuna anayelia wala anayesubiri mama arudi na basi. Nilimwambia sisi rangi tuliilamba, akanitazama kama mtu anayesikia habari za wanyama wa kale. Hawajui kombolela, hawajui kigae, na ukimtuma mmoja wao dukani anauliza kama hawezi kuagiza kwa simu. Nawatania, na wao wananitania, hasa tangu nilipoanza kuleta nyanya mbichi kutoka sokoni nikidhani zimeiva.

Maana yaliyomkuta Bibi yamenikuta na mimi. Ukungu umeshuka kwenye macho yangu kama pazia. Tofauti ni kwamba Bibi aliambiwa asubiri giza, na mimi nimeandikiwa tarehe kwenye kadi. Mwezi ujao naingia hospitali asubuhi, wananitoa huo ukungu, jioni narudi nyumbani na bandeji. Rajabu ameshafanyiwa, anasema aliporudi aligundua kuta za nyumba yake ni chafu. Hapo ndipo ninapowapenda watu wa zama hizi na mashine zao, na sioni aibu kusema.

Wiki iliyopita Nuru alitoka shuleni na kazi ya kuchora hadithi ya nyumbani. Nikamsimulia ya Mwanamvua, na habari ya nyeusi na manjano. Akachora kwenye simu, lakini kile kioo kidogo mimi sikioni, nikamwambia ukweli. Hakubisha. Akatafuta karatasi ya manila, akaingia jikoni, nikamsikia anafungua mikebe. Baadaye akaniletea karatasi inayonuka mkaa na kitu kingine cha jikoni.

Nikaisogeza karibu na uso. Giza niliona. Na ndani ya giza niliona mtoto, mdogo, anang'aa. Furaha ilinipanda, halafu nikashtuka, kwa sababu niliikazia macho ile nguo, nikaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na sikuweza kujua kama ni nyeupe au ni manjano. Kwa macho yenye ukungu huu hizo mbili ni kitu kimoja, weupe uliochoka. Ndipo nikajua kwamba Bibi naye hakuweza kuzitofautisha. Picha zile mbili nilizompa, ya sanda na ya moto, machoni pake zilifanana. Alichokuwa nacho ni neno langu tu. Nilipomwambia nyeupe aliamini akaumia wiki nzima, na nilipomwambia manjano aliamini binti yake anaona njia, akamrudisha nyumbani.

Nuru alikuwa amesimama ananisubiri. Nikamuuliza kama nilivyoulizwa.

"Kavaa nguo ya rangi gani?"

"Ya manjano, Bibi," akasema, anashangaa mtu mzima anauliza jambo lililo wazi. "Nimepaka binzari yako. Si kabeba moto?"

"Basi anaona anapokanyaga," nikamwambia.

Nimeibandika ukutani mbele ya kitanda. Mwezi ujao wakinifungua bandeji nitaitazama kwa raha zangu, nione na alama za vidole vya binzari alizoacha pembeni, maana najua ameziacha. Ila nguo ile sitaihakiki. Neno la Nuru nimeshalipokea, kama Bibi alivyolipokea langu, na Mwanamvua amefika.